Matunda ya kichakani na chupa ya laki na nusu

Nianze na chupa.

Ni ya mililita 750, rangi ya zambarau iliyokolea, na kwenye lebo kuna picha ya matunda madogo madogo ambayo hakuna mtu katika ukoo wetu aliyewahi kuyatia machoni. Mama mdogo aliiweka kabatini sebuleni, kati ya vikombe vya wageni na picha ya harusi yake. Bei yake laki moja na nusu. Dozi ni vijiko viwili asubuhi na viwili jioni. Aliyemuuzia ni mama mwenzake wa jumuiya, naye aliuziwa na mwingine aliye juu yake, na huyo naye ana wa juu yake. Si mnaujua mchezo wenyewe?

Mama mdogo ana kisukari mwaka wa tisa sasa. Aliambiwa kwamba juisi ile ina antioksidanti nyingi kuliko machungwa mara sijui ngapi, inasafisha damu na inaamsha kongosho. Akaniita niisome lebo, kwa sababu mimi ndiye msomi wa familia, mtu wa magazeti. Nikaisoma nimesimama, simu mkononi, nikamwambia: "Haina shida mama, ni matunda tu."

Ni matunda tu! Alichoelewa yeye ni kwamba nimeipitisha. Vidonge vya metformini akaviweka kando. Wiki ya sita alikuwa anakunywa maji kama mtu aliyevuka jangwa, na siku moja akaishiwa nguvu kwenye daladala. Kipimo cha sukari hospitali kilisoma 24. Alilala wodini siku tatu, na mimi nilikaa kwenye benchi la nje nikiikumbuka ile sentensi yangu ya maneno machache. Alipona, tunashukuru Mungu. Lakini tangu siku ile nikipata nafasi nasoma habari za matunda kama mtu anayetafuta kesi yake mahakamani.

Kwa hiyo leo msishangae, sitaandika siasa.

Kwanza ile hesabu ya "antioksidanti mara kadhaa kuliko chungwa". Inatoka wapi? Kuna kipimo cha maabara kilichokuwa maarufu sana miaka ya 2000, kinaitwa ORAC. Unachukua maji ya tunda, unayaweka kwenye kijaribio pamoja na kemikali fulani, unaangalia yanaizuia kwa kiasi gani isiharibiwe. Tunda linapata alama. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa na jedwali refu la alama hizo kwenye mtandao, na wauza juisi dunia nzima wakalinakili kama matokeo ya ligi. Mwaka 2012 wizara ile ile ikaliondoa jedwali lake. Sababu ilitolewa wazi: alama zile zilikuwa zinatumiwa vibaya na wauzaji, na kinachotokea kwenye kijaribio hakituambii kitakachotokea mwilini mwa mtu. Ile rangi ya zambarau, ambayo wataalamu wanaiita anthosianini, ukiila ni sehemu ndogo tu inayoingia kwenye damu, na hata hiyo ini na vijidudu vya tumboni huibadilisha kuwa vitu vingine kabla haijafika mbali.

Wanaodhani "hata kama haisaidii, haidhuru" waisome habari ya Finland. Wanaume wavuta sigara 29,133 waligawanywa makundi, wengine wakapewa vidonge vya beta-karotini, ile rangi ya karoti ambayo ni antioksidanti yenye sifa zote. Matokeo yalitoka 1994. Waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18 kuliko wasiopewa. Zaidi, nimeandika zaidi! Karoti yenyewe haijawahi kumfanyia mtu hivyo. Kilichokuja na matatizo ni dozi kubwa iliyowekwa kwenye kidonge.

Basi Desemba nikapanda basi kwenda kumwona bibi Nyabibuye.

Kwa wasiopajua, Nyabibuye ni kata ya Kakonko, wilaya iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012, karibu kabisa na Burundi. Ukiuliza watu wazima bado watakwambia wako Kibondo. Ni nchi ya vilima, udongo mwekundu, migomba, mihogo na maharage, na kati ya mashamba vipande vya miombo vilivyobaki. Unafika kwa bodaboda umejaa vumbi, au matope kama mvua zimeanza, na zilikuwa zimeanza. "Mwakeye!" anasema bibi, halafu hana haja na habari zako za Dar mpaka ule.

Nilimkuta na wajukuu wanne. Jioni walirudi kutoka kuchunga mbuzi, midomo myeusi. Mmoja alikuwa amefunga kitu kwenye shati. Makusu. Kama hujawahi kuyaona, kusu ni tunda la mviringo, ganda gumu la rangi kama ya kutu, unalipasua kwa meno na ndani kuna nyama laini ya manjano inayonata kwenye kokwa tatu au nne. Utamu wake unakaribia ule wa peasi lililoiva kupita kiasi. Midomo myeusi ilitokana na zambarau pori. Na pale uani, kwenye kona ya jalala, ulikuwa umejiotea ule mmea wa tunda la manjano linalojificha ndani ya kifuko chembamba kama karatasi. Watoto wanalifungua kama pipi. Kwenye supermarket moja ya Dar nililiona limepangwa kwenye kisanduku cha plastiki, limetoka Afrika Kusini, bei ya kilo mbili za maharage kwa kiganja kimoja. Wazungu wamelipa jina la Rasi ya Tumaini Jema ingawa asili yake ni milima ya Andes kule Peru. Kwa bibi linaota jalalani na hakuna aliyelipanda.

Hapo ndipo nikapata wazo la kijinga la kulinganisha. Ligi ya matunda! Nikakaa na daftari.

Tatizo la kwanza ni la lugha. Kiswahili hakina neno moja la kile Wazungu wanachokiita "beri". Tunasema tunda dogo, tunda pori, tunda la kichakani, au tunalitaja kwa jina lake: zambarau, forosadi, fudu, mnavu. Nikaona aibu kidogo, mpaka nilipogundua kwamba wataalamu wa mimea nao hawako upande wa wauza juisi. Kwao beri ni tunda lenye nyama lililotoka kwenye ovari moja ya ua, lisilo na kokwa ngumu ya mbao katikati. Kwa sheria hiyo stroberi si beri. Zile nyeusi za miiba, nazo si beri. Ila nyanya ni beri. Ndizi ni beri. Papai ni beri. Na pera ni beri. Lishike hilo la pera, nitalirudia.

Tatizo la pili ni namba zenyewe. Chukua lile tunda la kifukoni. Jedwali la Marekani linalipa miligramu 11 za vitamini C kwa gramu 100. Vipimo vingine vya maabara vinafika 40 na kupita. Nani anadanganya? Hakuna. Tunda lililoivia kwenye mmea si sawa na lililochumwa bichi, udongo si mmoja, mbegu si moja, na vitamini C inapotea kila siku tunda linapokaa, na inapotea zaidi ukilichemsha kuwa jamu. Matunda pori ndiyo yenye tofauti kubwa kupita yote, maana hakuna aliyewahi kuyachagua na kuyafananisha kama mtu anavyochagua mbegu za mahindi. Ubuyu ni mfano mzuri: maabara moja inatoa miligramu 150, nyingine inatoa mara tatu yake, na wauzaji wa Ulaya, ambako ubuyu uliruhusiwa kuingia sokoni mwaka 2008, wanachapisha ile ya juu. Na wewe ungefanya hivyo.

Kwa hiyo mtu akikwambia tunda fulani linalizidi lingine "mara 7.3", muulize tunda lipi, la wapi, la lini.

Lakini tofauti nyingine ni kubwa mno hata uchafu wa vipimo hauwezi kuzificha. Bluberi, mfalme wa matangazo yote ya afya, ina kiasi cha miligramu 10 za vitamini C kwa gramu 100. Chungwa 53. Stroberi 59. Papai 61. Pera ni 228.

Soma tena. Mia mbili ishirini na nane! Pera, ambalo Kibondo nzima linaanguka lenyewe na kuliwa na ndege na mbuzi. Shirika la Afya Duniani na lile la Chakula na Kilimo wanasema mtoto wa miaka 1 hadi 6 anahitaji miligramu 30 kwa siku, mtu mzima 45. Nusu ya pera dogo inamtosha mtoto na chenji inabaki. Nilimsomea bibi hizo namba. Akanitazama kama mtu anayemhurumia mgonjwa: "Sasa hilo ndilo ulilolisomea chuo?"

Mtasema bluberi haisifiwi kwa vitamini C, inasifiwa kwa anthosianini. Sawa. Zambarau nayo imejaa anthosianini, ndiyo inayopaka watoto midomo. India, ilikotoka ile zambarau kubwa tunayouziwa Dar kwenye vipakiti msimu ukifika, mbegu zake zimesagwa kuwa dawa ya kisukari kwa vizazi vingi. Panya wa maabara wakipewa unga ule sukari yao hushuka. Kwa binadamu ushahidi bado ni mwembamba, na hakuna daktari makini atakayekuambia uache dawa uhamie kwenye mbegu. Naliandika hili kwa herufi nzito moyoni mwangu. Nikimwambia mama mdogo kwamba matunda ya Kakonko ni bora kuliko ya kwenye chupa kwa sababu yana "antioksidanti", nitakuwa nimemuuzia chupa ile ile, tofauti ni lebo tu. Najua wapo wazalendo watakaopenda niseme hivyo. Kwamba tuna dawa zetu, Wazungu wanatuibia. Samahani, leo sipo upande huo.

Mimi nilichokiona Nyabibuye kina thamani zaidi ya hapo, na kiko kwenye sahani.

Chakula cha kwa bibi ni ugali wa muhogo na maharage. Kesho yake ni maharage na ndizi. Maharage yana madini ya chuma mengi, kwenye karatasi. Ila chuma cha kwenye mimea ni kigumu kuingia mwilini, kwa sababu maharage yenyewe yana kitu kinachokikamata na kukizuia. Ukinywa chai ya rangi juu ya chakula ndiyo unamaliza kabisa, chai nayo inakikamata. Kinachokifungua ni vitamini C, na inabidi iwepo tumboni wakati ule ule wa kula. Haisaidii ukila tunda asubuhi na maharage usiku. Utafiti wa afya wa taifa wa 2015-16 ulikuta asilimia 58 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 Tanzania wana upungufu wa damu. Malaria na minyoo vimo humo, sikatai. Lakini tunazungumza nchi inayokula maharage kila siku na watoto wake hawana damu! Ule wa 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa.

Na pera liko nje ya mlango. Kwa nini haliliwi pamoja na chakula? Nilimuuliza jirani wa bibi, mama wa watoto watano. Akacheka. Matunda ni ya watoto, akasema, mtu mzima hawezi kuonekana anatafuna mapera. Na mgeni akija huwezi kumwekea tunda la porini mezani, utaonekana huna kitu. Mgeni anapewa soda. Nilipewa soda.

Hii dharau ndiyo inayoniuma, maana ina madhara kwa miti. Makusu huiva mvua zinapoanza, wakati ghala limebaki na vumbi na maharage mapya bado ni maua. Yanaziba pengo la miezi mibaya kuliko yote kwa mtoto wa mkulima. Bibi anasema zamani ulitoka nyuma ya nyumba tu. Sasa wajukuu walitembea karibu saa nzima. Miti imekwenda kwenye mkaa, kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, kwenye mashamba mapya. Imekwenda pia kwenye kuni za kambi, maana mkoa huu umebeba wakimbizi kwa miongo. Kakonko peke yake ilikuwa na kambi ya Mtendeli iliyofunguliwa tena 2016 na kufungwa 2021. Siwalaumu, mtu aliyekimbia risasi atapika kwa nini? Nasema tu kilichotokea.

Na kuna jambo moja kuhusu mkusu ambalo nimejifunza baadaye, nikatamani kurudi kulipigia kelele mnadani. Mikusu ina jike na dume. Mti wa dume hauzai kamwe, kazi yake ni kutoa chavua. Mkulima akisafisha shamba akaamua kwa huruma kuacha mikusu inayozaa na kukata "tasa", amekata waume wote. Miaka michache baadaye waliobaki nao hawazai, watu wanasema wamelogwa. Halafu kuna uyoga. Ule uyoga wa msimu wa mvua unaopangwa barabarani kwenye mabeseni hauoti popote tu. Aina nyingi zake zinaishi zimeshikana na mizizi ya miti ya miombo, na mkusu ni mmojawapo. Ukikata mkusu umekata na uyoga.

Kuotesha mkusu kwa mbegu unasubiri miaka kumi na zaidi. Kwa kubebesha kikonyo, kama wanavyofanya kwenye maembe, unapata matunda ndani ya miaka mitatu au minne, na hapo unachagua mwenyewe jike lenye matunda makubwa na matamu. Watafiti wa ICRAF walifanya kazi hiyo kusini mwa Afrika, na hapa kwetu waliweka kituo Tabora, wakafundisha akina mama kutengeneza juisi na jamu za matunda pori. Tabora si mbali na Kakonko. Bwana shamba niliyekutana naye ana mbegu za mahindi, ana parachichi la kubebesha, ana maelezo marefu ya tumbaku. Nilipomtajia mkusu aliniuliza kama mimi ni mtu wa maliasili. Yaani kwa mpangilio wetu wa serikali, tunda likiota lenyewe si kilimo tena, ni msitu!

Niweke onyo moja, maana najua kuna mtu atamaliza kusoma na kwenda kuokota kila kitu. Lile tunda la kifukoni likiwa bichi lina sumu. Linaliwa likiwa la manjano na kifuko kimekauka. Vitunda vya mnavu vya kijani usiviguse kabisa. Watoto wa kijijini wanajua hayo kabla hawajajua kusoma, sisi wa mjini ndio wa kuangaliwa.

Niliporudi Dar nilimletea mama mdogo makusu machache yaliyosalimika safarini, na mapera. Alitaka kujua kama yanashusha sukari. Nikamwambia hapana. Yana sukari yao, ale kidogo, pamoja na chakula, na amuulize nesi wa kliniki Alhamisi. Akanitazama kwa muda.

"Mbona siku ile hukusema hivi?"

Sikuwa na jibu, na hakuningoja nilitafute. Alinyanyuka akaenda kumeza vidonge vyake. Ile chupa bado iko kabatini, hakutaka itupwe maana ni chupa nzuri. Ameioga vizuri kwa maji ya moto, lebo imebanduka nusu, na ndani kuna mawese ya Kigoma.